Kinyonga Wetu wa Rwamgasa



Desemba ile tulitumwa Rwamgasa kwa utume wa likizo, mafrateri watatu, tukapewa chumba kimoja nyuma ya kanisa la kigango. Rwamgasa ni kijiji cha wachimbaji wadogo katika Wilaya ya Geita. Usiku mtu hulala akisikia makarasha yakisaga mawe, na asubuhi hukuta njia ya kwenda kisimani imepita kati ya vilima vya marudio na maduara ya zamani ambayo wenyewe walikwisha kuyaacha. Tulikwenda kufundisha katekisimu, kutembelea wagonjwa na kuwa pamoja na watoto wa Utoto Mtakatifu ambao shule zao zilikuwa zimefungwa. Hatukudhani kwamba somo kubwa la likizo hiyo tungelipewa sisi wenyewe, na kwamba lingekuja kwa njia ya kinyonga.

Mvua zilikuwa zimeanza, na kila baada ya siku mbili tatu alionekana kinyonga kwenye ua wa minyaa. Watoto wakimwona walikimbia, kisha walirudi na mawe. Jambo hili si la Rwamgasa peke yake. Makabila mengi ya Kibantu yana simulizi kwamba kinyonga ndiye aliyetumwa kuwaletea wanadamu habari ya kutokufa, akachelewa njiani, na habari ya kifo ikatangulia. Wengine husema akikuuma hutapona. Sisi tulijua kwamba hana sumu. Tukaamua kuwaondolea watoto hofu hiyo.

Tulimchukua mmoja, tukamtengenezea kizimba kwa mbao na kipande cha chandarua kikuukuu, tukakiweka barazani. Watoto walisimama mbali siku ya kwanza. Siku ya tatu walikuwa wakimletea panzi. Siku ya tano msichana mmoja mdogo alimruhusu apande mkononi mwake, akacheka mpaka akatokwa machozi. Tulijipongeza. Jioni tuliambiana kwamba hili lilikuwa fundisho zuri kuliko hotuba yoyote, kwa maana mtu hawezi kukipenda kiumbe anachokiogopa.

Kama tungeishia pale, pengine kosa letu lingekuwa dogo. Lakini siku moja, katika kuwaonyesha watoto kwamba kinyonga ni kiumbe cha thamani, mwenzetu mmoja alifungua simu yake. Palikuwa na picha ya kinyonga akiwa katika sanduku la kioo, nyumbani kwa mtu huko Ulaya, ana taa yake na mmea wake, na chini ya picha palikuwa na bei. Tukawafafanulia bei ile kwa shilingi. Sisi tulikuwa tukizungumzia ajabu ya uumbaji. Watoto, ambao wamezaliwa mahali ambapo jiwe lolote njiani huokotwa na kuangaliwa kama lina dhahabu, walisikia neno moja tu.

Kesho yake waliletwa vinyonga wawili katika kopo la maziwa. Baada ya siku nne walikuwa tisa. Hatukuwapa watoto fedha, lakini tuliwapa kalamu na daftari tulizokuja nazo, kwa hiyo si kweli kwamba hatukununua. Tulipanua kizimba. Hatukujua kwamba kinyonga ni mnyama wa kuishi peke yake, na kwamba wakiwekwa pamoja husumbuana mpaka wengine huacha kula. Hatukujua pia kwamba kwa kawaida hanywi maji ya bakulini, bali matone yaliyo juu ya majani. Tuliweka sahani ya maji safi kila asubuhi, na kila asubuhi tuliona fahari kuiweka, huku wao wakikauka kwa kiu kando yake. Wanne walikufa. Tuliwazika bila kuwaambia watoto.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi mchana, tulisikia kelele upande wa maduara. Mtoto wa darasa la nne alikuwa amemwona kinyonga kwenye kichaka kilichoota ukingoni mwa duara lililoachwa. Udongo ulikuwa umelowa, na matimba yaliyokuwa yakishikilia kingo yalikwisha kuoza. Ukingo uliporomoka naye. Mungu ni mwema, hakufika chini. Alinaswa kwenye timba moja lililobaki, kina cha watu wawili hivi, na wachimbaji waliokuwa karibu wakamtoa kwa kamba. Mkono wa kulia ulivunjika. Katika mkono wa kushoto alikuwa bado amemshika yule kinyonga, na alipotuona alinyoosha mkono ule ili atupe.

Jioni tulikwenda kwa bibi yake, ambaye ndiye anayemlea. Tulimwamkia, akaitikia. Alitukaribisha vigoda, akatupa maji ya kunywa, kisha akatuuliza kwa upole kabisa: "Wanangu mafrateri, mjusi huyu mlikuwa mnamtakia nini?"

Hatukuwa na jibu. Hatukuwa tunamla, hatukuwa tunamuuza, hatukuwa tunamtibu. Tulikuwa tunapenda kuwa naye. Tulisema maneno mengi kuhusu kuwaondolea watoto hofu. Bibi alisikiliza yote, akasema, "Hofu ile ilikuwa inamweka mbali na shimo."

Habari zilifika wilayani, na Jumatatu alikuja afisa wanyamapori, Bwana Nyama kama wazee wanavyomwita hadi leo. Tulitegemea kukemewa. Alivua kofia, akaangalia kizimba, akawahesabu waliobaki, kisha akaketi nasi. Alitueleza kwamba kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori wote nchini ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Mtu haruhusiwi kukamata wala kufuga mnyamapori bila kibali, hata akimkuta uani kwake. Wanaotaka kufuga wana utaratibu wao wa leseni na ukaguzi. Kizimba cha chandarua barazani hakimo.

Tulijitetea. Tulimwambia kwamba kinyonga huyu wa kawaida yuko kila mahali, na kwamba bila sisi watoto wangempiga mawe. Hapo akatusimulia habari za Kimboza.

Kimboza ni msitu mdogo wa hifadhi mkoani Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Humo anaishi mjusi mdogo ambaye dume lake lina rangi ya samawati inayong'aa, na makao yake ni miti ya mikadi. Wafugaji wa mijusi wa Ulaya na Marekani walipomjua, wakamtaka kila mmoja wake. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakusanyaji lilichukua mijusi zaidi ya 32,000 katika msitu ule. Na kwa kuwa mjusi hujificha juu kwenye majani, wakusanyaji walikata mikadi yenyewe ili kumpata. Hivyo aliyechukuliwa alichukuliwa, na aliyebaki alikosa nyumba. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg wa mataifa yaliyotia sahihi mkataba wa CITES, mjusi huyo aliwekwa katika Kiambatisho cha Kwanza, ambako biashara ya kimataifa ya wanyama waliotolewa porini imepigwa marufuku. Vinyonga wetu wa Rwamgasa wako katika Kiambatisho cha Pili tangu mwaka 1977, yaani wanaweza kuuzwa nje kwa vibali tu. "Kiambatisho cha Pili," alisema, "ni cha wale ambao bado hawajafika Kimboza."

Mwaka huohuo wa 2016 Serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Juni 2022 ilitangazwa ruhusa ya miezi 6 ili wafanyabiashara wamalizie wanyama waliobaki mikononi mwao. Wananchi wakapiga kelele, na Wizara ikaisitisha mara moja. Tulikuwa tumezisikia habari hizo redioni tukiwa seminari, tukawalaumu wafanyabiashara. Haikutupitia akilini kwamba biashara ile huanza na mtoto mwenye kopo na mtu mzima anayempa kitu.

Jambo hili lilitusumbua kuliko kosa la kisheria. Mtu wa Ulaya aliye na kinyonga katika sanduku la kioo humwona kuwa mnyama wa kigeni, na hampendi kwa ubaya. Humwashia taa, humnunulia panzi. Sisi tulimtazama kwa macho yaleyale. Kinyonga wa Rwamgasa si mgeni Rwamgasa, lakini tulipomtia kizimbani tulimfanya mgeni nyumbani kwake. Tulidhani kwamba upendo unatosha kuwa kibali. Sheria ilitukumbusha kwamba upo upendo ambao hauwezi kuridhika mpaka umefunga mlango, na kwamba upendo huo unahitaji kuwekewa mpaka hata kama unatoka kwa watu wema, au tuseme hasa unapotoka kwao, kwa kuwa hakuna anayewashuku. Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu alimletea Adamu wanyama ili awape majina. Hatusomi kwamba baada ya kuwapa majina aliwafungia.

Jumapili baada ya Misa tuliomba ruhusa ya kusema. Tuliwaomba radhi wazazi wote, na kwa namna ya pekee bibi yule. Tuliwaeleza watoto kwamba wanne walikufa na kwamba ni sisi tuliowaua kwa kutokujua. Kisha tukaeleza ile sheria. Mchimbaji mmoja aliyekaa nyuma alisimama, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya hasira: "Mafrateri, tumeisikia sheria ya mjusi. Mtoto hakuvunjwa na mjusi, alivunjwa na shimo. Sheria ya shimo nayo ikoje?"

Watu wengine walicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Ukweli ni kwamba sheria ya shimo ipo. Mwenye leseni ndogo ya uchimbaji hutakiwa kuwa na mpango wa kulinda mazingira, na kuacha duara wazi si sehemu ya mpango huo. Serikali ya kijiji nayo ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, chini ya sheria ya mamlaka za wilaya ya mwaka 1982, zikipita kwenye mkutano wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Tulipomjibu hivyo, alituuliza kwa nini basi tumezungumza juu ya ile inayotugusa sisi tu. Tukakubali kwamba ana haki. Tangu siku ile hatuwezi kuzitenganisha sheria hizo mbili. Zote zinamwambia mtu kwamba kile alichokikuta si chake peke yake, na kwamba atakayepita nyuma yake lazima apite salama.

Mpaka tunaondoka hakukuwa na sheria ndogo yoyote mpya, na hatutaki kudanganya kwamba kijiji kiligeuka kwa sababu yetu. Kilichofanyika ni kidogo. Jumuiya mbili zilitoa siku moja ya kazi, tukalijaza duara lile kwa vifusi na mawe, sisi tukibeba kama wengine. Yalibaki mengine mengi. Vinyonga watano waliobaki, pamoja na yule aliyetoka shimoni, tuliwarudisha vichakani mbele ya Bwana Nyama, kila mmoja na kichaka chake, mbali na maduara. Watoto walitaka kujua kama watakumbuka njia ya kurudi barazani. Tuliwaambia tunatumaini hawataikumbuka.

Siku ya kuondoka, yule mtoto alikuja kutuaga mkono ukiwa bado kwenye plasta. Kinyonga mmoja alikuwa kwenye ua wa minyaa, amegeuka kijani kama ua wenyewe. Mtoto alimwona kabla yetu. Hakuokota jiwe, wala hakunyoosha mkono. Alituuliza tu, "Frateri, huyu naye mnamwacha?"

Tulimwambia ndiyo. Tukasimama naye pale, tukamtazama kinyonga mpaka gari la kwenda Geita likapiga honi.