Mazingira Yetu ya Python

Miaka ile, ukifungua Python asubuhi unakuta ukurasa mtupu na alama tatu za >>>. Kabla ya kufanya lolote, unaandika mistari ya jana: ita moduli ya tarehe, unganisha hifadhidata ya chama cha akiba na mikopo tulichokihudumia, leta klasi za mwanachama na mkopo. Ukifunga dirisha, yote yamekwenda. Karani akipiga simu kuuliza salio la mtu, anasubiri umalize kuandika.

Nilianza na faili nililoliita anza.py, nikiliendesha kwa python -i. Hiyo -i huiambia Python imalize faili kisha isitoke, iniachie nafasi ya kuandika. Wenzangu walipolitaka nikahamia kwenye code.interact, inayokuja na Python yenyewe: unaipa kamusi ya majina yawepo tayari na salamu ya kutokea mwanzoni. Basi ukiandika mkopo(4471), jedwali la marejesho linashuka.

Fernando Pérez naye alianzia hapohapo. Mwaka 2001, akiwa mwanafunzi wa fizikia Colorado, aliandika IPython. Toleo la kwanza lilikuwa faili la kuanzia la mistari 259 tu. Jupyter imetokana na kazi hiyo.

La kwetu lilinenepa. Kila mtu aliongeza chake, pandas, grafu, hata kikokotoo cha riba ambacho hakuna aliyekitumia, mpaka kulifungua kukawa kazi ya kungoja. Nikalipunguza bila huruma. Nililolilinda ni sys.ps1, ile inayoshika zile alama tatu. Kwenye nakala ya majaribio zinasomeka JARIBIO>>>, kwenye hifadhidata ya wanachama HALISI>>>, kwa rangi nyekundu. Huko HALISI unasoma tu. Anayetaka kubadili kitu aite kwanza fungua_kuandika(). Wenzangu walinung'unika kwamba nawachelewesha. Ni kweli, na ndiyo maana niliiweka.

Kisha akaja kijana mpya, mwepesi kweli wa kazi. Akaandika skripti yake ya kujitegemea, ikamgomea kwa NameError: mkopo halijulikani. Alishangaa, kwani kwake jina hilo lilikuwa la Python, kama print. Siku hiyohiyo tukabadili salamu: sasa inaorodhesha kila jina lililopakiwa, na pembeni yake faili linakotoka.