Nani Yuko Katikati ya Wavu?

Wachunguzi wa historia ya fasihi siku hizi huwachora waandishi mithili ya wavu wa mvuvi. Kila mwandishi ni fundo, na aliyemjibu au kumnakili mwenziwe huungwa naye kwa uzi. Kompyuta ikishahesabu nyuzi, fundo lenye nyingi hukuzwa na kuwekwa katikati, nasi tukaambiwa: huyu ndiye mwenye athari.

Nami nilichukua karatasi na kalamu, nikaanza na Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840. Uzi wa kwanza ulijileta wenyewe: katika uhasama wa Mombasa na Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, yeye na Bwana Zahidi Mgumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi. Utungo huwaunga hata mahasimu.

Lakini kadiri nilivyoendelea, katikati ya wavu wangu hawakukaa watungaji hao. Alikaa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki 1890, ambaye pamoja na mmisionari William Taylor aliziandika tungo za Muyaka zilizokuwa bado zikikumbukwa Mombasa. Kutokana na karatasi hizo William Hichens alichapisha diwani ya Muyaka mwaka 1940. Alikaa pia Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyewanakilia tungo Hichens na Mjerumani Ernst Dammann. Bila ya watunzaji hawa, nyuzi nyingi zingekatika.

Hata hivyo, baina ya kifo cha Muyaka na kalamu ya Sikujua ipo miaka kama 40. Nani alizibeba beti hizo? Wavu wangu haumtaji, kwani huhesabu karatasi, hauhesabu vinywa. Vivyo hivyo Utendi wa Mwana Kupona, alioutunga 1858 kwa ajili ya binti yake: kwangu ni uzi mmoja, ilhali mabinti waliofundwa kwa utendi huo hawana mafundo.

Sisemi michoro hii itupwe, kwani ndiyo iliyonionyesha Sikujua. Nasema tuziache wazi nafasi tupu, kisha tuwaulize wazee wetu wangali hai: shairi hili ulifundishwa na nani? Beti zangu za kwanza nilizipokea kwa bibi yangu, ambaye hakushika kalamu maishani mwake. Kila nitungapo naisikia mizani yake, na hakuna karatasi inayotuunga.