Mwanya wa vidole vinne

Kitanda kilifika Tabata ndani ya bajaji, miguu yake ikichungulia nje, siku mbili kabla ya mwenye kukilalia kuzaliwa. Baba mtarajiwa alikipata Ilala kwa muuza mitumba aliyemwapia kuwa ni "cha Ulaya bosi, hakina shida". Kilikuwa kizuri kweli: mbao nyeupe, vigurudumu vinne miguuni, na ubavu mmoja unaoshuka ili kitanda kibanwe na kitanda cha wazazi, mama anyooshe mkono tu na kumvuta mwanawe anyonye. Kwa Sh90,000 alijiona ameokota embe dodo chini ya mwarobaini.

Hakuuliza kama kina mkanda wa kukifungia. Hakujua kwamba vitanda vya aina hiyo huwa na mkanda.

Aliyekitaka ni mkewe, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akisubiri mtoto wa kwanza. Kliniki waliwaambia kinamama kwamba kichanga alale chumba kimoja na wazazi wake, ila si kitanda kimoja. Neno hilo lilimwingia kwa sababu mtaa aliokulia kuna mtoto aliyekutwa amefariki asubuhi, katikati ya baba na mama, bila kuugua. Watu walisema mengi juu ya mama yule. Mwalimu hakuyasahau.

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji. Siku ya tatu mama mkwe akashuka kwenye basi la Tanga na beseni la kumkandia mzazi, pilipili manga ya uji, na doti nne za kanga. Alipomaliza kumbusu mjukuu alikizunguka kile kitanda, akakitikisa kidogo.

"Hiki ni kitanda au tundu la kuku? Mtoto wa siku tatu mnamlaza kando kama mgeni?"

Mkwewe alinyamaza. Mzazi wa kwanza hana hoja mbele ya mwanamke aliyelea watoto saba.

Na bibi hakuwa anasema upuuzi. Watoto wake saba walilala ubavuni mwake, lakini kwenye kitanda cha kamba kilichotandikwa mkeka, bila mto wala blanketi. Kitanda cha Tabata ni futi sita kwa sita, chenye godoro nene linalobonyea, mito minne, blanketi zito kwa ajili ya feni, na baba wa kilo tisini ambaye akilala hasikii hata mvua ya masika. Wanaosema "mbona sisi tulilala na mama zetu tukakua" husahau kulinganisha vitanda. Na ambao hawakukua hawapo kujibu.

Basi yule mama akatafuta njia ya katikati, na njia hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Usiku mtoto akiamka, alijikokota na kidonda chake hadi sebuleni, akamnyonyesha kwenye sofa ili asimwamshe mumewe mwenye kazi asubuhi wala asisikie maneno ya mama mkwe. Usiku mmoja aliamshwa na adhana ya alfajiri, mtoto bado kifuani. Alipokwenda kliniki siku ya saba alimweleza muuguzi kwa fahari kidogo kuwa yeye halali na mtoto kitandani, humnyonyesha sofani.

Muuguzi aliweka kalamu chini. Akamwambia sofa ni hatari kuliko kitanda. Mama akipitiwa na usingizi, mtoto huteleza kati ya mwili wake na mto wa kuegemea, pua ikazibwa, na kichanga hana nguvu ya kujigeuza. Akamwambia pia jambo ambalo wengi hawaambiwi: kama unahisi usingizi utakushinda, heri unyonyeshe kitandani kwako baada ya kuondoa mito na blanketi, na ukizinduka tu umrudishe mtoto kwenye kitanda chake. Ndivyo wanavyoshauri pia madaktari wa watoto wa Marekani katika mwongozo wao wa 2022: mtoto alazwe chali, juu ya godoro gumu na bapa, pasipo mto wala mdoli, chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi sita, lakini juu ya kitanda chake mwenyewe.

Mama akarudi nyumbani akaamua kukitumia kile kitanda cheupe kama kilivyokusudiwa. Mumewe alikisogeza hadi kikagusa kitanda chao, akashusha ubavu. Godoro lake lilikuwa chini kidogo ya lile kubwa, na kila mama alipoegemea kumnyanyua mtoto, vigurudumu viliteleza juu ya vigae. Asubuhi baba alikuwa akikirudisha mahali pake kwa goti. Mwanya uliobaki waliuziba kwa kanga iliyokunjwa mara nne, kisha juu wakatandika shuka moja kubwa lililofunika magodoro yote mawili. Ukitazama, ulikuwa uwanja mmoja safi.

Usiku wa kumi na moja, kama saa tisa, alimnyonyesha, akamcheulisha, akamlaza chali kama alivyofundishwa. Ila usingizi ulikuwa umemwelemea, na alimlaza pembeni, karibu na yeye mwenyewe, juu ya ile kanga.

Hakujua ilipita muda gani. Alinyoosha mkono kugusa tumbo la mtoto, kama alivyozoea kufanya hata akiwa usingizini, mkono ukagusa shuka tupu. Akapapasa huku na kule. Mtoto alikuwa amezama na kanga katikati ya vitanda viwili, miguu chini, uso umekandamizwa kwenye ubavu wa godoro kubwa. Alimvuta kwa mikono miwili, kidonda kikamchoma mpaka akaona giza. Mtoto akavuta pumzi, kisha akalia.

"Hakulia, mama," ndiyo maneno aliyoyarudia kwa mama mkwe aliyeingia mbio. "Alikuwa mle ndani, na hakulia."

Bibi hakulaumu mtu. Alimchukua mjukuu, akamvua, akamkagua mwili mzima kwenye mwanga wa simu, akamrudisha kwa mama yake anyonye. Kisha akainama, akaingiza mkono katikati ya vitanda.

"Vidole vinne," akasema.

Kulipokucha walimpeleka mtoto hospitali. Alikuwa salama. Daktari aliuliza kitanda kimefungwa na nini, akajibiwa kwa kimya. Akaeleza kwamba mwanya haujazwi kwa kanga, taulo wala mto, kwa sababu kinachojaza hubonyea na kuhama, na kibaya zaidi huuficha mwanya machoni pa mzazi. Vitanda viwili ama vishikamane kabisa, vikiwa vimefungwa pamoja na magodoro yakilingana, ama ubavu upandishwe na kitanda cha mtoto kisimame peke yake hapo chumbani. Hakuna nusu.

Jioni hiyo hiyo baba alijaribu kupandisha ule ubavu unaoshuka, na hapo ndipo ubora wa "cha Ulaya" ulipoonekana. Komeo la upande mmoja lilikuwa limelika. Ubavu ulipanda, ukakaa, na ulipoguswa kwa kiwiko ukaanguka. Alipotafuta kwenye simu alikuta kwamba Marekani ilipiga marufuku kuuza vitanda vya watoto vyenye ubavu wa kushuka tangu Juni 2011, vipya na vilivyotumika, kwa kuwa vyuma vyake vililegea, ubavu ukaachia upande mmoja, na watoto wakabanwa kwenye upenyo wakafa. Vitanda vya pembeni vya sasa vimetengenezwa kwa namna nyingine na nchi hiyo inavyo viwango vyake maalumu. Lakini kitanda chenye umri usiojulikana, kilichofunguliwa na kufungwa mara nyingi, kisicho na kijitabu wala jina la mtengenezaji, mnunuzi hawezi kukijua kwa kukitazama rangi.

Kwa siku tano zilizofuata baba alihamia sebuleni na bibi akahamia chumbani. Mtoto alilazwa kwenye godoro dogo gumu lililotandikwa mkekani, mbali na kila kitu, na bibi, ambaye siku chache kabla alikuwa akidai mtoto alale na mamaye, ndiye aliyekuwa akiinuka kila saa mbili, akampa mkwewe mtoto, akasubiri amalize, akampokea na kumrudisha. Alijifanya hasinzii. Mchana alikutwa amelala na ufagio mkononi.

Mwalimu mwenzake wa shuleni aliposikia habari hiyo alileta kitanda cha pembeni cha mwanawe aliyekwisha kukua. Vikawekwa viwili kando kwa kando, na bibi akavikagua mwenyewe. Afadhali maduka mengine yangekuwa na bibi kama yule mlangoni. Alibonyeza godoro la kile cheupe kwa ngumi: sponji iliyokatwa mtaani ikameza mkono na kubaki na shimo. Godoro la kile kingine, ambalo halizidi unene wa vidole vitatu, lilimrudishia mkono. Alisukuma godoro pembeni aone kama linaacha nafasi, halikuacha. Mjukuu wake mwingine mwenye umri wa miaka kumi akaleta kopo la soda kama alivyosoma baba kwenye simu, maana nafasi kati ya fito haitakiwi kuzidi sentimita sita. Kwenye kitanda cheupe kopo lilipita na kudondoka upande wa pili. Kitanda kingine hakikuwa na fito, kilizungukwa na wavu uliowambwa wa kupitisha hewa.

Kisha ikaja kazi yenyewe. Miguu ilikuwa na matundu ya kupandisha na kushusha, wakaipanga mpaka magodoro mawili yakawa sawa. Mikanda miwili, mmoja upande wa mchago na mwingine wa miguuni, ilipitishwa chini ya godoro kubwa ikafungwa kwenye mfumbati wa upande wa pili wa kitanda. Baba alikaza, bibi akajaribu kupenyeza kidole, kikapita, akakaza tena. Mara ya tatu kidole kiligoma. Upande wa mama ukabaki na ukingo mfupi, wa kumzuia mtoto asibingirike kwenda kwa wakubwa na blanketi la wakubwa lisimfuate mtoto. Shuka kubwa la kufunika vyote viwili likatolewa. Kila godoro likapata shuka lake, la mtoto likabanwa kila kona.

Chandarua nusura kiharibu kila kitu. Kile cha futi sita hakikutosha tena, na kilipovutwa kikaning'inia puani mwa mtoto. Kuacha chandarua Dar es Salaam hakuna mwenye akili atakayekushauri. Bibi alipeleka viwili kwa fundi cherehani avishone pamoja, vikafungwa juu kwenye misumari minne iliyotanuliwa, na upande wa mtoto kikashushwa nje ya kitanda chake mpaka sakafuni, kisiguse ndani. Kofia ya sufi aliyotoka nayo Tanga ndiyo iliyompa shida kuiacha. Muuguzi alimwonyesha namna ya kugusa shingo ya mtoto kwa nyuma: ikiwa na jasho, nguo zimezidi. Machi ile ilikuwa na jasho kila siku. Kofia ikabaki ya kutokea nje asubuhi.

Kila usiku kabla ya kuzima taa, mama alikivuta kitanda kile kuelekea kwake na kukisukuma mbali. Kikicheza hata kidogo, mkanda ulikazwa upya. Alipotoka chumbani alipandisha ubavu. Mambo haya huchukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji ya chai, lakini mtu aliyelala vipande vipande kwa wiki tatu hawezi kuyakumbuka bila kuyazoea, na ndiyo maana baba alipewa kazi ya kuuliza "umevuta?" kama anavyouliza mlango umefungwa.

Arobaini ilipotoka bibi alirudi Tanga. Likizo ya uzazi ya siku 84 ikaisha, mwalimu akarudi darasani, na kitanda kikaendelea kufanya kazi yake usiku. Mtoto alikuwa na miezi minne na wiki kadhaa alipokutwa amelala kifudifudi mchana, amejiinua kwa mikono, anatazama dirisha. Usiku huo bibi alipiga simu na kabla hata ya kumjulia hali mwanawe akauliza kama kile kitanda bado kipo chumbani. Akakumbusha kilichoandikwa kwenye kijitabu, kwamba mtoto akianza kujiinua kitanda cha pembeni kimemwisha, maana ukingo ule mfupi atauruka. Walikuwa tayari wameagiza kwa seremala wa Keko kitanda kirefu, chenye mbavu nne zisizoshuka, wakaenda na kopo la soda.

Kitanda cha kuazima kilirudi kwa mwenyewe pamoja na mikanda yake yote miwili. Baba alitaka kukirudisha Ilala kile cheupe, angalau apate nusu ya fedha. Bibi alimuuliza kwenye simu, "Umuuzie mtoto wa nani?" Hakujibu. Wiki iliyofuata alikitoa uani, akakigongea bati juu, na sasa wanafuga humo kuku watano. Ilibidi azungushie waya wa wavu, kwa sababu vifaranga walikuwa wakipita katikati ya fito.