Mafunzo yalipoingia wodini

Nilipoanza kazi ya uuguzi katika hospitali moja ya mkoa, mwishoni mwa miaka ya 1990, semina zilikuwa za wakubwa. Aliyeitwa alipanda basi kwenda Morogoro au Dodoma, akakaa hotelini wiki nzima, akarudi na begi la kitambaa, daftari lenye nembo ya mfadhili na posho yake. Sisi wa zamu tulibaki kuziba pengo lake, na aliporudi hakuna aliyetukutanisha atusimulie alichojifunza. Chumba cha chai kilijaa manung'uniko: kwa nini yule tena? Mafunzo yaliyopaswa kutujenga yalikuwa yanatugawa.

Sisemi posho ni kitu cha kubeza. Kwa mshahara wa muuguzi, semina moja iliweza kulipa ada ya mtoto. Lakini wodini hali ilibaki ile ile, na ari ikazidi kushuka. Watu walikuja kazini kwa sababu jina liko kwenye ratiba. Mwaka 2004 serikali ikaleta fomu za OPRAS za kupima utendaji wa kila mtumishi. Tulizijaza, zikaenda masjala, maisha yakaendelea.

Mabadiliko yalitufikia kupitia mbinu iliyozaliwa viwandani Japani. Hospitali ya akina mama ya Castle Street, mjini Colombo, Sri Lanka, ilikuwa imejiinua kwa mbinu hiyo chini ya mkurugenzi wake, Dk. Wimal Karandagoda. Mwaka 2007, kwa msaada wa shirika la Japani la JICA, Hospitali ya Rufaa Mbeya ikaanza kuijaribu hapa nchini. Wizara ya Afya ikaisambaza kwingine, na zamu yetu ikafika. Hatua zake ni tano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia.

Wauguzi wakongwe walipoziona ukutani walisema tumeletewa mafunzo ya kufagia. Kilichowanyamazisha ni orodha ya walioitwa. Daktari bingwa alikaa benchi moja na mlinzi wa geti, dobi, mpishi na wahudumu wa wodi. Wengine walikuwa wamefanya kazi pale tangu ujana wao bila kuitwa kwenye mafunzo yoyote. Na hakukuwa na basi la kupanda: tulisoma asubuhi, mchana tukaingia wodini kufanya.

Wodi yangu ilikuwa ya watoto. Siku ya kusasambua tulitoa stoo vitanda vilivyovunjika, mashine za presha zisizopuliza, dripu zilizopita muda na majalada yaliyoliwa na mchwa. Kisha tukafika kwenye troli ya dharura. Kabla ya hapo, mtoto akizidiwa usiku, mmoja wetu anashika barakoa ya oksijeni, mwingine anakimbia wodi ya jirani kuazima glukosi, wa tatu anatafuta ufunguo wa kabati. Mkufunzi hakutupangia troli ile. Alituuliza: mtoto akiingia na degedege, mkono wako unakwenda wapi kwanza? Tukabishana sana, wa mchana na wa usiku, kwa sababu kila mmoja alikuwa na uzoefu wake. Mwisho tukakubaliana: dayazepamu mbele kushoto, glukosi kando yake, mabomba madogo ya sindano trei ya juu. Chini ya kila kitu tukachora umbo lake kwa kalamu nzito, kitu kikikosekana ule mchoro mtupu unakushtaki hapo hapo. Kila zamu ilikagua na kuweka sahihi. Usiku wa kwanza mtoto wa degedege alipoletwa baada ya hapo, hakuna aliyekimbia.

Lakini aliyenifundisha maana ya ari kazini ni mama mmoja mhudumu. Shuka zetu zilikuwa zikipotea kwa dobi na kuibukia wodi nyingine, na kila Jumatatu ilianza kwa kutupiana lawama. Kwenye kikao cha timu ya uboreshaji kazi, yule mama akasema kwa sauti ndogo kwamba kila wodi ishone uzi wa rangi yake kwenye pindo la shuka. Sisi tuchukue bluu. Tukashona. Shuka zikaanza kurudi. Mganga mfawidhi alipopita akauliza wazo limetoka kwa nani, tukamsogeza mbele, akaeleza mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Tangu siku ile daktari kijana aliyezoea kumwita "we mama" alianza kumwamkia shikamoo na kumuuliza wagonjwa wamelalaje. Naye akawa anafika kabla ya zamu kuanza. Mshahara wake haukuwa umeongezeka hata shilingi.

Hali haikudumu hivyo. Wafadhili walipunguza msaada, uongozi ukabadilika, ukaguzi ukakoma. Kilichotuumiza zaidi ni uhamisho: waliofundishwa walihamishwa, wageni wakaja wasiojua ule mchoro kwenye troli ni wa nini. Hatua ya tano, shikilia, ndiyo iliyotushinda. Vibandiko vikachubuka, na manung'uniko ya chumba cha chai yakarudi.

Msimamizi wa wodi ndiye aliyetuokoa. Alitenga nusu saa kila Alhamisi, baada ya makabidhiano ya zamu, na kila mtu akapangiwa siku ya kufundisha. Nilifundisha kukokotoa kipimo cha dawa kwa uzito wa mtoto. Yule mama aliwafundisha wauguzi wapya habari za shuka na taka hatari, amesimama wima, sare imepigwa pasi. Hakuna posho, na watu walikuja. Naamini mtu akishafundisha wenzake jambo moja, halifanyi tena ovyo.

Siku hizi usafi wa hospitali yetu umekabidhiwa wazabuni. Vijana wa kampuni wanakuja kwa mikataba mifupi, wanapewa ndoo na glovu, na wakianza kuzoea wodi wanabadilishwa. Kwenye mipango ya mafunzo ya hospitali hawamo, kwa kuwa si watumishi wetu. Nimelisema hili kwenye kikao cha menejimenti na nitalisema tena bajeti ijayo. Wakati huo huo, Alhamisi tunawaita ndani, tunawasogezea viti, wanakaa pamoja nasi.