Barua kwa mwanangu anayeanza Chuo cha Maji

Dunda, Bagamoyo

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako kwamba umepokewa Chuo cha Maji pale Ubungo nilimsomea bibi yako kwa sauti. Akamshukuru Mungu, kisha akaniambia: "Mwandikie habari za babu yake. Asije akazisikia kwa watu."

Naandika basi. Babu yako alifariki ukiwa darasa la kwanza, na unachokumbuka naona ni kofia yake ya viua, baiskeli yake na peremende za mfukoni. Mimi shangazi yako, bintiye, nilimwona kazini na nyumbani, na ninachotaka ukijue ni kwamba alikuwa mtu mmoja kote kuwili. Alikuwa mhandisi, lakini hakuna jengo lenye jina lake. Kazi yake ilikuwa kutunza vilivyokwisha kujengwa, na ndivyo alivyotupenda sisi pia.

Alizaliwa hapa hapa Bagamoyo, akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, miaka ya mwanzo ya Kitivo cha Uhandisi, kilichofunguliwa 1973. Wahandisi wazalendo walikuwa wa kuhesabika wakati huo. Mwaka 1971 serikali ilikuwa imejiwekea azma kwamba ndani ya miaka 20 wanavijiji wote wapate maji safi karibu na makazi yao, na vijana wa rika lake waliichukua azma ile kama deni lao wenyewe. Alipomaliza masomo, mtambo wa maji wa Ruvu Chini ulikuwa bado mpya, umeanza kazi 1976. Angeweza kubaki ofisini Dar es Salaam. Akaomba apelekwe Ruvu, karibu na mama yake na karibu na binti aliyekwisha kumposa, ambaye ndiye bibi yako.

Hesabu za mtambo utafundishwa darasani. Mimi nakueleza kama alivyonieleza yeye. Mto Ruvu unatoka milima ya Uluguru, unashuka hadi Pwani ukikusanya kila kilichooshwa mashambani, na unaingia baharini kaskazini ya mji wetu. Kabla haujafika kwenye maji ya chumvi, mtambo unayavuta maji, unayaondolea takataka, unayatia shabu, unayatuliza, unayapitisha kwenye mchanga na kuyatia klorini. Kisha pampu kubwa zinayasukuma kuifuata barabara ya Bagamoyo, kupitia Bunju, Boko na Tegeta, mpaka matangi ya Chuo Kikuu. Matangi hayo hayako mbali na hapo unapolala. Ukifungua bomba asubuhi, huenda unanawa maji yaliyopita mbele ya lango alilokuwa akiingilia babu yako.

Masika ndiyo iliyokuwa mtihani wake. Siku moja mto ulishuka mwekundu, naye akarudi nyumbani na dumu la maji yale. Akapanga bilauri sita juu ya meza, akazijaza, akatia maji ya shabu kidogo katika ya kwanza, akazidisha katika kila iliyofuata. Mimi na baba yako tukapewa vijiko. Kwanza tukoroge haraka, kisha pole pole. "Taratibu sasa, msiyavunje," alisema. Tukakaa kutazama. Chembe za tope zikaanza kushikana, zikawa mabonge madogo, mabonge yakashuka chini. Bilauri ya kwanza ilibaki na ukungu. Ya nne iling'aa hata tukaona maua ya kitambaa cha meza upande wa pili. Baba yako aliitegemea ya sita kwa kuwa ndiyo iliyotiwa shabu nyingi kuliko zote, lakini nayo ilibaki na ukungu. Babu akatuambia: "Shabu ikizidi, maji hayatulii. Kila siku mto unataka kipimo chake, na huwezi kukijua kama hujapima leo." Alitulea vivyo hivyo. Baba yako alihitaji kukaripiwa, mimi nilihitaji kuulizwa, na hakutuchanganya hata siku moja.

Umeme ukikatika ghafla, pampu zinasimama, lakini maji yaliyomo bombani hayasimami papo hapo. Msukumo hubadilika kwa nguvu, na bila vifaa vya kuupunguza, kishindo chake kinaweza kupasua bomba. Ndiyo maana taa zikizimika usiku tulisikia kwanza hatua zake akitafuta viatu. Bibi yako alikuwa amekwisha kumwekea tochi na chupa ya chai karibu na mlango. Miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika baada ya Vita vya Kagera, beringi moja ilisubiriwa miezi. Yeye na mafundi wake walihamisha vipuri kutoka pampu moja kwenda nyingine, walichonga walichoweza kuchonga, na walisikiliza mashine kwa kuegemeza fimbo ya chuma sikioni. Mafundi hao ndio uliowaona wamejaa barazani kwetu siku ya hitma yake. Wengine walitoka Mlandizi na Kibaha, na hakuna aliyewaita.

Nataka ulijue na hili. Kaka mkubwa wa babu yako alijenga karibu na bomba kuu, akamwomba amtobolee kidogo tu. Alilia kwamba maji yanapita kizingitini kwake naye ananunua ndoo. Babu alimkatalia. Alijua kwamba sehemu kubwa ya maji yaliyosafishwa ilikuwa ikipotea njiani, kwa mabomba kuvuja na kwa watu kujiunganishia, huku mitaa ya mwisho wa mstari ikilala na ndoo tupu. Kaka mtu alinuna. Babu akaenda kulipa gharama za kumuunganishia kwa halali, akikatwa katika mshahara wake mwezi hadi mwezi, na sisi tulivaa sare zilizotiwa viraka mwaka ule. Bibi yako hakulalamika, maana walikuwa wameamua pamoja.

Madaftari yake ninayo. Kurasa za mbele ni za kazi: joto la beringi, mtetemo wa pampu, kina cha mto, tarehe na saa. Bibi yako alipopatwa na presha, babu alinunua kipimo akaanza kuandika kurasa za nyuma: presha ya asubuhi, presha ya jioni, amekunywa dawa, amelala vizuri, amecheka. Hilo neno "amecheka" lipo tarehe nyingi. Alipostaafu akiwa na miaka 60 kurasa za mbele zilikoma, za nyuma zikaendelea mpaka wiki aliyougua mwenyewe. Alichota maji ya kuoga ya mkewe, akajifunza kupika uji wake, akamsindikiza kliniki kila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Baada ya yeye kustaafu, Ruvu Chini ilipanuliwa kwa fedha za Marekani, kutoka lita kama milioni 180 kwa siku hadi milioni 270. Aliomba nimpeleke akaone. Alifurahi kama mwenye mali. Kisha akamgeukia kijana aliyetutembeza, akamuuliza vipuri vinawekwa wapi na nani ana orodha yake.

Swali hilo sasa ni lako. Novemba 2021 uliona mwenyewe mto ulivyopungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao. Bwawa la Kidunda kule Morogoro linajengwa lihifadhi lita bilioni 190, ili mto upate maji wakati wa kiangazi. Watakaolizindua watapigwa picha, nami nitawashangilia. Lakini wewe na wenzako ndio mtakaoamka usiku miaka 30 baadaye kuangalia milango yake, mitambo yake na mabomba yake, na hapo hakutakuwa na mpiga picha. Usiione kazi hiyo kuwa ndogo. Watu milioni kadhaa walioga, walipika na walitawadha kwa sababu babu yako hakuiona ndogo.

Basi soma kwa bidii. Waheshimu mafundi, hata wasio na vyeti, maana wao ndio wanaoijua mashine. Mpigie simu mama yako kila Ijumaa bila kungoja akupigie. Likizo ukija nitakukabidhi madaftari ya kazi uyasome. Ya presha bibi yako hajakubali yatoke chumbani kwake, ila atakuonyesha ukikaa naye. Nimempa dereva wa basi la asubuhi mfuko wenye visheti na samaki mkavu. Mpokee Mwenge, na umshukuru.

Bibi anakusalimu sana na anakuombea dua.

Wako akupendaye,
Shangazi