ALIPEWA DOLA 600,000 AWE STAA, KAZI YAKE KALI AKAIFANYA NYUMA YA MZEE WAKE

Oktoba 1976, mji wa Westport, jimbo la Connecticut, Marekani. Kwenye studio ya nyumbani ya mwanamuziki Dan Hartman yupo mzee wa miaka sitini na kitu, mweusi, ametulia, anaimba kama anatoa amri. Pembeni yake kuna jamaa mwembamba, nywele nyeupe kama pamba zimefika mabegani, na kila mzee akimaliza mstari jamaa anapiga yowe. Yaani anashangilia kama shabiki aliyeingia uwanjani bure.

Yale mayowe hayakufutwa. Yapo mpaka leo kwenye ngoma ya kwanza ya albamu ya Hard Again, na ukiyasikia lazima ujiulize ni nani huyo anayepiga kelele kwenye wimbo wa mwenzake.

Ni prodyuza mwenyewe. Anaitwa Johnny Winter.

Na mzee ni Muddy Waters. Kama jina hilo ni geni kwako, jua tu kwamba The Rolling Stones walichukua jina lao kwenye wimbo wake. Ukisema blues ya Chicago, ile ya gitaa la umeme, huwezi kumruka.

Sasa ilikuwaje staa wa rock akaacha mambo yake akaenda kumrekodia mzee? Hapo inabidi kurudi Texas.

Johnny alizaliwa Februari 1944 mji wa Beaumont. Miaka michache baadaye akafuata mdogo wake, Edgar. Wote wawili walizaliwa na ualbino. Macho shida, jua shida, na shuleni ndiyo usiseme. Msomaji aliyekulia Mwanza au Shinyanga hahitaji kuelezwa mtoto wa namna hiyo anarushiwa maneno gani akipita. Texas ya miaka ile nayo ilikuwa ya ubaguzi, mweusi kwake na mzungu kwake, na Johnny alikuja kusema akiwa mkubwa kwamba rangi yake ndiyo iliyomfanya ajione karibu na weusi, kwa sababu wao pia walikuwa wanachukiwa kwa ngozi tu.

Dogo akajifungia na redio. Kulikuwa na mtangazaji mweusi pale Beaumont, Clarence Garlow, ambaye mwenyewe alikuwa mwanamuziki, akamfundisha mawili matatu ya gitaa. Akiwa na miaka 15 tayari Johnny alishaingia studio kurekodi.

Halafu kuna hii stori ya 1962, tamu kuliko zote. B.B. King alikuja kupiga shoo Beaumont kwenye klabu ya weusi iliyoitwa The Raven. Johnny na kundi lake wakaenda, wazungu pekee ukumbini, na dogo akaanza kumsumbua King ampe nafasi apande. King akamwomba kadi ya chama cha wanamuziki, pengine akijua hatakuwa nayo. Dogo akaitoa! Basi akapewa gitaa la King mwenyewe. Alipomaliza, ukumbi ulisimama kumpigia makofi.

Pamoja na hayo, miaka sita iliyofuata ilikuwa ya kuhangaika tu. Vibaa, vibarua vya studio, singo ambazo hazikwenda popote. Mwishoni mwa 1968 jarida la Rolling Stone likaandika makala kuhusu muziki wa Texas na kumtaja humo. Hazikupita siku nyingi, mmiliki wa klabu ya New York, Steve Paul, akapanda ndege kumtafuta, akawa meneja wake. Desemba hiyo hiyo Mike Bloomfield, mpiga gitaa aliyekuwa juu kweli wakati huo, akampandisha jukwaani Fillmore East. Watu wa Columbia walikuwepo ukumbini. Mkataba uliotangazwa ulikuwa wa dola 600,000.

Laki sita za dola, mwaka 1969, kwa kijana ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa anapiga kwenye baa!

Agosti 1969 akapanda Woodstock. Albamu zikatoka, kumbi zikajaa. Ila angalia kilichotokea: jamaa aliingia mjini na blues, lakini soko lilitaka rock, kubwa na ya haraka, na yeye akawapa. Na unga ukaingia. Heroini haikuangalia mkataba wa mtu. Mwaka 1971 akasimamisha kila kitu, akajipeleka hospitali New Orleans kupambana na arosto. Aliporudi 1973 albamu akaiita Still Alive and Well, yaani bado yu hai na mzima. Mwaka huo huo Edgar akashika namba moja Marekani na Frankenstein, ngoma isiyo na hata neno moja la kuimba. Familia ya vipaji hiyo.

Turudi kwa mzee. Miaka karibu yote ya kazi yake Muddy alikuwa chini ya lebo ya Chess ya Chicago. Mwaka 1968 lebo ikataka awavutie vijana, wakamtengenezea Electric Mud, magitaa yanazungukazunguka kichwani kama mtu amevuta kitu. Iliuza mwanzoni, lakini Muddy mwenyewe hakuipenda na hakuficha. Chess ikauzwa, na kufika katikati ya miaka ya 70 ilikuwa imekwisha. Mzee akawa na jina kubwa, tuzo za Grammy kabatini, na hana lebo.

Steve Paul alikuwa na lebo yake, Blue Sky. Johnny akaomba kazi ya kumprodyuzi mtu aliyekuwa anamsikiliza tangu utotoni.

Hapa ndipo alipoonyesha akili, maana alichofanya ni kutoongeza kitu. Leo msanii anaingia studio anakuta biti liko tayari kwenye laptop, anaweka sauti, anasepa. Johnny aliwaweka wote chumba kimoja wapige kwa pamoja. James Cotton kwenye harmonika, aliyewahi kuwa kwenye bendi ya Muddy miaka ya nyuma. Pinetop Perkins kwenye piano, Willie Smith kwenye ngoma, Bob Margolin gitaa, Charles Calmese besi, na Johnny na gitaa lake. Ukipiga hivyo, sauti ya ngoma inaingia kwenye maiki ya mwimbaji, piano inaingia kwenye gitaa, na mmoja akikosea mnarudia wote. Mafundi wengi hawataki huo usumbufu. Lakini rekodi za Muddy za miaka ya 50 zilifanyika hivyo hivyo, na Johnny alizijua kwa moyo. Kazi ikaisha ndani ya siku chache.

Hard Again ikatoka 1977, ikachukua Grammy. I'm Ready ya 1978, Grammy. Albamu ya jukwaani ya 1979, Grammy. Zote prodyuza mmoja. Ya nne, King Bee ya 1981, ndiyo ikawa ya mwisho kwa mzee, akafariki Aprili 1983. Katikati ya hayo Johnny aliwachukua watu wale wale akarekodi albamu yake, Nothin' but the Blues. Jina limesema yote, rock aliiweka pembeni.

Ingekuwa filamu ingeishia hapo. Lakini Johnny alikaa miaka mingi kwenye methadoni, ile dawa wanayopewa waliotoka kwenye unga, na kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa amekonda, sauti imekauka, anapiga gitaa amekaa kwenye kiti. Mashabiki walikuwa wanalia ukumbini. Aliyemwokoa ni mpiga gitaa wa bendi yake, Paul Nelson, ambaye alianza kumpunguzia dozi taratibu bila kumwambia, mpaka ikafika sifuri, ndipo akamweleza. Mtu unaweza kubishana kama ilikuwa haki kumfanyia mtu mzima hivyo. Johnny mwenyewe alifurahi.

Julai 14, 2014 alipiga shoo Cahors, Ufaransa. Siku mbili baadaye alikutwa amefariki hotelini, karibu na Zurich, Uswisi. Alikuwa na miaka 70. Albamu yake ya mwisho, Step Back, ilikuwa imeshakamilika, ikatoka Septemba, na Februari 2015 ikachukua Grammy ya albamu bora ya blues. Ile ya kwanza kwa jina lake kama msanii, na hayupo wa kuipokea.

Edgar alibaki. Mwaka 2022 alitoa albamu ya kumkumbuka kaka yake, akaiita Brother Johnny. Mwaka uliofuata nayo ikachukua Grammy.