Albamu Zangu Tano za 2024, na Kwa Nini Namba Moja Ilitoka 2018

Desemba imefika na kila mtu ana orodha yake ya albamu bora za mwaka. Nimesoma za watu wa Nairobi, za watu wa Lagos, hata za Wamarekani ambao hawajawahi kusikia jina Lodwar. Ziko poa. Lakini zote zimeandikwa na watu ambao albamu ikitoka saa sita usiku, saa sita na dakika tano washaanza kuisikiza.

Hata mimi nilikuwa mtu wa hivyo. Nikiwa campus nilikuwa na wifi ya bure. Bien alipotoa Alusa Why Are You Topless? Novemba 2023, niliimaliza usiku huo huo nikiwa juu ya double decker ya hosteli, assignment imelala kando. Januari 2024 nikaacha chuo, katikati ya mwaka wa pili. Deni la fee lilikuwa limepanda, jina langu halikuwa kwa orodha ya wale wa kufanya mtihani, na hakukuwa na mtu wa kumpigia simu ambaye nilikuwa sijampigia. Nikafunga virago nikarudi Turkana. Wifi ikabaki kule.

Tangu hapo muziki unanifikia kwa njia zingine. Kuna bundles, zikiwa zimebaki baada ya kupandisha video zangu. Kuna duka la movie hapa Lodwar, unapeana memori yako unajaziwa nyimbo, lakini zinakuja zimechanganyika kama nguo za mtumba: namba tisa iko juu ya namba mbili, na katikati kuna wimbo wa Krismasi ambao hukuuliza. Na kuna marafiki wenye simu kubwa kuliko yako.

Kwa hivyo orodha yangu ina sheria mbili tu. Ya kwanza, albamu lazima niisikize mwanzo hadi mwisho nikiwa barabarani kati ya Lodwar na Kakuma. Ni karibu kilomita 120, na tangu lami ifike unaweza kutumia kama saa mbili, ndani ya Probox, mkiwa wanne kwa kiti cha watatu. Njiani network inapotea, huwezi kuscroll, huwezi kujibu mtu. Albamu ikikuboesha huko, hakuna pa kutorokea. Sheria ya pili nitaifikia tukifika namba moja, na najua mtanipiga mawe.

5. Rema, HEIS

Heis ni neno la Kigiriki, maana yake moja. Ilitoka Julai, nyimbo 11, haifiki hata nusu saa. Tulikuwa tumezoea Rema wa Calm Down, yule wa kukubembeleza. Hapa hakubembelezi mtu. Ngoma zinagonga kama mtu anabisha mlango akijua uko ndani. Niliipenda sana, lakini iliisha kabla sijamaliza njugu nilizonunua steji, na safari ilikuwa imebaki ndefu. Namba tano inakutosha, bro.

4. Kendrick Lamar, GNX

Hii iliangushwa tarehe 22 Novemba bila tangazo lolote. Nyimbo 12. Not Like Us, ile iliyotuimbisha tangu Mei, hata haimo ndani, na bado hakuna aliyelalamika sana. Jina ni la gari, Buick GNX ya 1987. Kendrick angekuwa ametoka huku kwetu ingeitwa Probox, na ingekuwa albamu ile ile: kitu cha zamani, kinang'aa, kimebeba mtaa mzima.

Lakini kilichonikaa ni ile sauti ya kufungua. Ni mwanamke, Deyra Barrera, mwimbaji wa mariachi, anaimba Kihispania. Sijui Kihispania hata kidogo, ila nilisikia nywele zikisimama mkononi. Kumbuka hilo, tutalirudia.

3. Marioo, The Godson

Hakuna Matata ilikuwa imeshapigwa na kila boda wa Lodwar kabla albamu yenyewe kutoka mwisho wa Novemba. Hii ni albamu yake ya pili baada ya The Kid You Know ya 2022, na unasikia kijana ameshajua anachotaka. Ningekuwa mimi ningetoa nyimbo tatu hivi, kuna mahali mapenzi yanazidi hadi unatamani mtu aachwe.

Kwa nini iko juu ya Kendrick? Kwa sababu ndiyo pekee iliyonitoa earphones. Dereva alikuwa nayo kwa flash, akaweka, na mama mmoja aliyekuwa amebeba kuku wawili mapajani akaanza kuimba, hajakosea neno. Kabla ya nusu ya safari gari nzima ilikuwa kwaya. Nilipiga hesabu: ni albamu gani nyingine mwaka huu ingefanya hivyo kwa watu ambao hawajuani? Hakuna.

Zilizokaribia

Tems, Born in the Wild. Nyimbo 18 na ndiyo albamu yake ya kwanza kamili, baada ya zile EP mbili. Sauti yake inafaa jua la saa kumi likianza kulegea. Lakini kila mara nilipoisikiza nililala usingizi kabla ya mwisho, na sheria ni sheria.

Na kuna deni la Wakenya. Nikiulizwa wimbo wa mwaka wetu, sifikirii mara mbili: ni Anguka Nayo ya Wadagliz, wimbo wa dansi ambao Juni uligeuka kuwa wimbo wa maandamano ya Mswada wa Fedha. Lakini huo ni wimbo mmoja, si albamu. Mwaka ambao sisi vijana tulipiga kelele kuliko miaka yote, sina albamu ya Kenya ndani ya tano bora, na inaniuma. Labda walioishi hayo mambo bado wanayaandika.

2. Ayra Starr, The Year I Turned 21

Hapa sasa ndipo nawaambia ukweli.

Ayra Starr alizaliwa Juni 2002. Mimi pia ni wa 2002. Albamu yake ya kwanza aliita 19 & Dangerous. Hii ya pili ilitoka 31 Mei, wiki mbili kabla afikishe 22. Jina lenyewe lilinichoma. Mwaka niliofikisha 21 ndio mwaka deni langu lilianza kunilaza macho. Yeye ameufanyia albamu. Mimi niliufanyia uongo.

Kwa sababu mathe, ambaye anaishi Kakuma mjini na kuuza makaa na maziwa kwa watu wa kambi, hakujua nimeacha chuo. Nilikuwa nimemwambia niko attachment Lodwar. Miezi saba. Attachment gani hiyo haina mwisho? Alikuwa akinitumia mia mbili, mia tatu za nauli ya kwenda "kazini", na mimi nilikuwa nanunulia bundles za kupandisha video ambazo zilikuwa zinaonwa na watu arobaini.

Agosti nikaamua kwenda kumwambia. Nikapanda Probox, nikaweka albamu ya Ayra, sheria ya mwanzo hadi mwisho. Nusu ya kwanza ni ya kujigamba, pesa, urembo, ujana. Nilikuwa natikisa kichwa tu. Halafu karibu na mwisho kuna The Kids Are Alright, wimbo wa marehemu babake, na ndani yake unasikia sauti ya mamake. Nilikuwa nimekaa dirishani. Niligeuza uso nje nikajifanya naangalia ngamia.

Nilimkuta mathe anapima makaa. Nikamwambia hapo hapo, tumesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitanyamaza. Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja.

"Deni ni pesa ngapi?"

Nikamwambia. Alisimama kimya muda mrefu, mkono bado uko ndani ya gunia. Halafu akasema, "Mwanangu, miezi saba unanila nauli." Akaingia ndani akaniwekea chakula.

Ningependa kuwaambia kwamba tulikumbatiana na yakaisha. Haikuwa hivyo. Hadi leo majirani wakimuuliza anasema niko likizo. Simlaumu. Alitangaza kwa kila mtu nilipopata nafasi ya chuo, sasa atatangaza nini? Lakini mia tatu hazitumwi tena, na mimi ndiye natuma sasa, kidogo kidogo. Hiyo albamu siwezi kuisikiza kama muziki tu. Ndiyo maana ni namba mbili.

1. Emmanuel Jal na Nyaruach, Naath

Najua. Hii ni ya 2018. Kabla urushe jiwe, hii ndiyo sheria ya pili: mwaka wa albamu ni mwaka iliyokufikia.

Kesho yake baada ya kumwambia mathe, nilitaka kutoka nyumbani kwa sababu kimya kilikuwa kizito. Nikampeleka ndugu yangu mdogo kunyolewa kambini, Kakuma One. Kinyozi alikuwa kijana wa Sudan Kusini, wa umri wangu hivi, na story yote mle ndani ilikuwa ya mpira wa vikapu. Mnakumbuka? Olimpiki ya Paris, Julai 28, Sudan Kusini inacheza na Puerto Rico, mechi yao ya kwanza kabisa ya Olimpiki, na wimbo wa taifa unaopigwa ni wa Sudan, nchi waliyojitenga nayo 2011. Vijana wamesimama pale, mkono kifuani, wanasubiri. Baadaye wimbo sahihi ukapigwa, wakacheza, wakashinda 90 kwa 79.

Kinyozi aliieleza hiyo story kama aliyekuwa uwanjani. Akamaliza na kusema, "Sisi hata wimbo wetu unachelewa kufika." Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana.

Halafu akaweka muziki, na mwanamke akaanza kuimba kwa Kinuer. Nikauliza ni nani. Aliniangalia kama mtu aliyeuliza Turkana ni wapi.

"Nyaruach. Si alikuwa akiishi hapa."

Emmanuel Jal nilimjua kwa juu juu. Alikuwa mwanajeshi mtoto kule Sudan, mfanyakazi wa misaada Mwingereza anayeitwa Emma McCune akamtorosha hadi Kenya, na 2005 wimbo wake Gua ukavuma sana nchini mwetu. Leo anaishi Canada. Lakini sikujua ana dada, sikujua dada huyo aliimba naye tangu siku hizo za Gua, na sikujua kwamba walipotoa albamu nzima pamoja, dada alikuwa akiishi kambini Kakuma. Naath ni jina ambalo Wanuer wanajiita. Maana yake ni binadamu. Watu, basi.

Nimekulia Kakuma mjini. Kambi ilianza 1992, miaka kumi kabla nizaliwe. Nimeivuka lugga ya Tarach mara ngapi kubeba maziwa ya mathe. Na albamu iliyotoka mikononi mwa mtu wa hapo, iliyoandikwa na magazeti ya Ulaya, imenichukua miaka sita kunifikia, ilhali ya Kendrick kutoka Los Angeles ilinichukua siku tatu. Fikiria hiyo.

Kinyozi alinitumia kwa Xender. Zilikuja bila mpangilio, wimbo mmoja umekatika katikati. Nilipopata bundles nikaitafuta ikiwa imekamilika, kwa mpangilio wake, ili na wenyewe wapate chochote. Sielewi maneno. Lakini ngoma zinakimbia, magitaa yanachekesha, na sauti ya Nyaruach inaingia kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya lugga, jina lako kabisa. Nimeshawaambia kuhusu yule mwanamke wa Kihispania. Hii ni hivyo, ila huyu ni jirani.

Jioni hiyo niliiweka kwa simu, kwa spika, nikiwa naosha vyombo. Mathe alikuwa hajaniongelesha tangu asubuhi. Wimbo wa pili ulipofika akainua kichwa.

"Hiyo lugha ni ya wateja wangu."

"Ndiyo, Mama. Aliyeimba aliishi hapa kambini."

Akasikiza kidogo. "Na wewe hiyo ndiyo kazi unafanya? Kueleza watu nyimbo?"

Nikasema ndiyo.

"Inalipa?"

Nikasema bado.

Hakujibu. Lakini hakuniambia nizime, na alipoenda kulala aliacha mlango wazi, na mimi nikaiacha icheze hadi mwisho.

Wenzangu wako mwaka wa tatu sasa. Kuna siku naona picha zao nahisi nimechelewa maisha yote. Sijui kama nitarudi chuo. Deni bado liko, na nimeanza kulipunguza. Lakini hii ni orodha yangu ya 2024, kwa mpangilio ambao mwaka ulinifikia, na sibadilishi hata namba moja.

Haya, na wewe? Ni albamu gani ilikufikia mwaka huu, hata kama ni ya zamani?